Kimemi: twende na watoto wetu

Likizo kubwa imefika, watoto wako nyumbani mchana mzima. Tunawakataza kucheza Kimemi, na asubuhi sisi wenyewe tunawatuma huko na bidoni na nguo za kufua. Mtoto anasikia maneno mawili, anashika lile linalompendeza. Sisi walimu tunaona afadhali twende nao, tuwafundishe mto wakati maji yangali machache, mbele mvua za Septemba hazijarudi.

Twende kwa miguu, asubuhi, mama mmoja kwa watoto watatu. Kwanza tutafute alama ya mafuriko: matope kwenye ukuta, mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye matawi. Mara nyingi inaning'inia juu ya kichwa cha mtoto. Tumsimamishe hapo chini aangalie mwenyewe. Kisha tumweleze kwamba mvua ikinyesha kwenye vilima vya juu, maji yanaweza kupanda kwetu hata kama jua linawaka. Maji yakibadilika rangi ghafla, ao vijiti na majani vikianza kuteremka kwa wingi, wote wapande juu. Nguo zibaki.

Maji ya kasi yanayofika magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima, kwa hiyo hatuvuki, hata kama ng'ambo ni karibu. Kwenye daraja la mbao, mmoja mmoja. Na kabla ya kutoka nje ya mji, tumuulize shefu wa selile, maana siku hizi si kila njia ni ya kutembea.

Wenye baiskeli wapime breki nyumbani, na kwenye mteremko wa kwenda darajani washuke, waisukume. Mtumbwi hauna kazi Kimemi. Lakini wanaokwenda kusalimia jamaa Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edward, wadai jile ya kuokolea kabla ya kupanda, na wakae mbali na viboko.

Jambo tunalolisisitiza zaidi ni bidoni. Anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa sababu kinywa kiko majini. Mama akiruka kumfuata bila kujua kuogelea, tutalia wawili. Tuchukue bidoni ya litri tano, tutie maji kidogo ndani ili irushike vizuri, tufunge kifuniko kabisa, tufunge kamba ndefu kwenye mkono wake. Arushe aliye ukingoni, kupita kichwa cha mtoto, kisha avute polepole. Anayevuta alale chini ao akae, asivutwe naye.

Kamba hiyo isianikiwe nguo. Mazoezi yanafanyika uani: ndoo inawekwa hatua kumi, kila mtu anarusha mara tatu. Kwa watoto huo ni mchezo, na mara nyingi wanatushinda sisi wakubwa.