Pombe ya Asali Isiitwe Sumu

Mwaka 1971 Waingereza wanne waliunda chama, CAMRA, ili bia yao ya asili isimezwe na viwanda vikubwa. Hadi leo tamasha zake huendeshwa na watu wanaojitolea.

Kimana tumeshindwa na nini? Uwanja upo: mwaka 2012 Olimpiki ya Wamaasai iliwakutanisha hapa morani, washindane kwa mbio na mikuki badala ya kuwinda simba. Pombe nayo ipo. Ni asali, maji na mizizi ya mshubiri, huachwa penye joto hadi ichache. Wazee huinywa harusini na katika sherehe za rika, na kwa mila moran hakuigusa.

Lakini tangu Mei 2014, methanoli ilipoua makumi ya Wakenya, kila kinywaji kisicho cha kiwanda hushukiwa. Hiyo ni dhuluma. Methanoli haikutoka mzingani! Hata Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inazitambua pombe za kienyeji zenye leseni.

Basi leseni iombwe, wazee wapike, mwalimu wa kemia aeleze uchachu. Wanafunzi, bila kuonja, waandike majina ya mimea hiyo kwa Kimaasai wangali hai wanaoyajua.