Selim Bey: Askari Aliyebaki Njiani

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru, akishateremka Bonde la Ufa, huonyeshwa mengi. Huonyeshwa kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kitaliani mwaka 1942. Huonyeshwa ziwa la Naivasha na viboko wake. Akifika Gilgil huonyeshwa makaburi ya wanajeshi wa Vita Vikuu vya Pili, yamepangwa safu safu na kutunzwa vizuri. Haambiwi kwamba Naivasha hiyo hiyo ndiko alikofia, mwaka 1893, afisa Mwislamu aliyekuwa akiletwa pwani hali ni mfungwa. Jina lake Selim Bey. Nami nashikilia kwamba sisi watu wa pwani tuna wajibu wa kumjua mtu huyu, na kumsema kwa insafu.

Selim alikuwa Msudani, afisa katika jeshi la Khedive, mtawala wa Misri. Kikosi chake kiliwekwa jimbo la Equatoria, kusini mwa Sudani, chini ya gavana Emin Pasha, mzaliwa wa Ujerumani. Januari 1885 majeshi ya Mahdi yaliiteka Khartoum, Jenerali Gordon akauawa, na jimbo lile likakatika na dunia. Novemba 1888 wafuasi wa Mahdi waliishambulia ngome ya Dufile, kando ya mto Nile. Selim ndiye aliyesimama kuilinda, na washambuliaji wakarudishwa.

Mwaka uliofuata alikuja Stanley kumwokoa Emin. Selim aliomba angojewe akusanye askari na jamaa zao, maana askari wale hawakuwa wapweke. Walikuwa na wake, watoto na wafuasi. Hakungojewa. Tarehe 10 Aprili 1889 Stanley alishika njia ya Bagamoyo pamoja na Emin, na Selim akabaki Kavalli, karibu na Ziwa Albert, na bendera ya serikali iliyokwisha kumsahau.

Mwaka 1891 akatokea Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza, anatafuta askari wa kuishika Uganda. Aliwakuta Wasudani mia sita hivi wenye bunduki, na pamoja nao umma wa watu uliozidi 8,000. Lugard alitaka kuwaandika siku ile ile. Selim akajibu kwamba yeye ni mtumishi wa Khedive, amekula kiapo, na hawezi kuhamia bendera nyingine bila ya idhini ya bwana wake. Ikabidi iandikwe barua Misri. Msomaji apime mwenyewe: mtu ametupwa miaka, nguo zimemchakaa, mshahara hauoni, na bado anauliza ruhusa! Wazee wetu walisema ahadi ni deni. Selim alililipa deni lake mpaka senti ya mwisho.

Hapo ndipo ilipoanza safari yake ya mwisho. Mwaka 1893 mamlaka ya Uganda yalikuwa mikononi mwa Kapteni Macdonald. Waislamu wa Buganda, waliokuwa wakiongozwa na Nuhu Mbogo, ndugu yake marehemu Kabaka Mutesa, walikuwa wamepewa sehemu ndogo ya nchi kuliko Waprotestanti na Wakatoliki, nao wakanung'unika. Vita vilipokaribia, Selim alipeleka ujumbe kwa Macdonald kwamba akiwapiga watu wa Mbogo, atakuwa amempiga yeye. Macdonald aliyaita maneno hayo uasi. Wasudani walionyang'anywa silaha Kampala hawakufyatua risasi hata moja. Selim alikamatwa Entebbe, akahukumiwa kuondolewa nchini. Mbogo akapelekwa uhamishoni Unguja, na baadaye akarudishwa kwao. Selim hakufika. Alikuwa mgonjwa, mwili umemvimba, akisafirishwa katika njia ndefu ya misafara mpaka akaingia Bonde la Ufa, na hapo Naivasha roho ikamtoka.

Je, alikuwa mwasi? Mimi nasema hapana. Mwasi hunyamaza akanoa kisu. Huyu alisema wazi, kwa mkubwa wake, kabla ya vita. Na mwasi hasalimu silaha bila ya kupigana. Lugard mwenyewe, ambaye hakuwa rafiki wa Uislamu, alimtetea Selim na kuilaumu adhabu ile. Kosa la Selim lilikuwa kudhani kwamba aliyekodisha mkono wake hakukodisha na dini yake.

Waliomzika walidhani mambo yamekwisha. Miaka minne baadaye, katika bonde lile lile, mambo yalirudi. Septemba 1897, katika kituo cha Ravine, ambacho leo ni mji wa Eldama Ravine, ziliwekwa kombania tatu za Wasudani kufuatana na msafara wa kwenda kaskazini, upande wa mto Juba. Baadhi yao walikuwa wametoka tu Buddu kupigana na Kabaka Mwanga. Mshahara wao ulikuwa rupia 4 kwa mwezi, chini ya ujira wa mpagazi, nao mara nyingi hulipwa kwa nguo na kwa kuchelewa. Tena wake zao waachwe nyuma. Na mkuu wa msafara ule alikuwa nani? Macdonald, yule yule, sasa cheo chake Meja.

Wakakataa, wakarudi njia ya Uganda, wakaishika ngome ya Luba katika Busoga. Humo waliwaua Waingereza watatu waliokuwa mateka wao, akiwemo Meja Thruston, aliyewapenda na kusema Kiarabu nao. Jambo hilo siwatetei, kwani kumwua mateka ni dhuluma. Lakini vitabu vinapoyaita yote hayo maasi ya Wasudani na kufunga ukurasa, vinaficha kwamba chanzo chake kilikuwa ujira, machovu, na bwana asiyetimiza haki. Ushahidi ni kwamba baada ya damu kumwagika mishahara yao iliongezwa.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa pwani hatupendi kulitaja. Pale Luba, Oktoba 1897, waliosimama upande wa Macdonald pamoja na Masikh wachache walikuwa mamia ya Waswahili wenye bunduki, watu wa mwambao huu. Mwislamu alimlenga Mwislamu, na wote wawili walikuwa wageni katika ardhi ya Wasoga. Wala Wasudani nao si malaika. Mwaka 1889 Wissmann aliwakodi wenzao mamia kutoka Misri, akawaleta Mrima kumpiga Bushiri bin Salim, na Bushiri akanyongwa Pangani. Kule Bunyoro waliteketeza vijiji vya Kabarega. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini wageni hawa walipewa bunduki, na jembe lao likawa ni watu.

Ndiyo maana sitaki Selim apambwe akafanywa walii. Nataka akumbukwe alivyokuwa: askari wa miguu aliyefika mbali na kwao, akatumiwa na serikali mbili, na zote mbili zikamwacha njiani. Kizazi cha wenziwe kipo. Waliingizwa katika jeshi la KAR mwaka 1902, wakapigana Vita Vikuu viwili, na wajukuu wao, Wanubi, wako Kibera, Eldama Ravine na kwingineko, wakisema Kinubi chao chenye asili ya Kiarabu. Kwa miaka mingi waliulizwa wao ni wa wapi kila walipoomba kitambulisho. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba watoto wa Kinubi wa Kenya walinyimwa haki ya uraia. Mwaka 2017 Wanubi wa Kibera walipewa hati ya ekari 288, katika ardhi iliyokuwa zaidi ya ekari 4,000 ilipotengwa mwaka 1918.

Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam kuna sanamu za askari zilizowekwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, nasi hupita chini yake kila siku. Sanamu hazina majina. Mwaka 2021 tume ya Kiingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba askari na wapagazi wasiopungua laki moja, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao popote. Ikiwa waliofia ushindi wa Mwingereza walisahauliwa hivyo, aliyefia njiani hali ni mfungwa atakumbukwa na nani, kama si sisi?

Gharama yake si kubwa. Kibao kimoja Naivasha, chenye jina na mwaka. Somo moja katika madrasa zetu, lisemwe pamoja na habari za Mbogo, ambaye Unguja ilimpokea. Na washairi wa mwambao, warithi wa Hemedi bin Abdallah aliyevitungia utenzi vita vya Wadachi Mrima, wana kisa hapa kilicho tayari. Mbogo alifika pwani tukamsalimia. Selim tumpelekee salamu huko huko aliko, na dua pamoja nayo.