Tusiyaue Majina ya Pepo Zetu

Iko ibara moja inikerayo kila niisikiapo redioni, nayo ni hii ya "mvua ndefu" na "mvua fupi". Mvua si kamba hata ipimwe kwa pima. Ibara hii imefasiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, ikatiwa katika taarifa ya hewa, ikafundishwa darasani, na leo vijana wetu wa Lamu, wajukuu wa manahodha, waitamka kana kwamba babu zao hawakuwa na jina la kuiita mvua. La hasha! Walikuwa na masika, na vuli, na mchoo wa katikati ya mwaka. Walikuwa na kaskazi na kusi, na baina ya pepo hizo mbili tanga mbili, na mwisho wa kusi demani.

Atakayesema huu ni ugomvi wa maneno tu, na aitazame kalenda. Kwa hesabu ya bara, "mvua ndefu" ni ya Machi, Aprili na Mei. Huko yafaa. Lakini kaunti ya Lamu mwezi wa Machi bado ni wa kiangazi, jua la utosi na visima vimeshuka. Mvua yetu hushika Aprili, Mei ikawa ndio mwezi wenye maji kuliko yote, na Juni ingali yanyesha. Ama vuli, ambayo wenzetu wa Ukambani huitegemea kwa chakula chao, kwetu visiwani mara nyingi ni manyunyu. Basi mtu wa Amu akiambiwa mwisho wa Mei kwamba mvua ndefu imekwisha, akaezua paa lake ili aezeke makuti mapya, ataloa yeye na watoto wake.

Wazee hawakukosea kwa sababu walianza na upepo, sio na tarakimu za miezi. Bara la Asia likipata joto katikati ya mwaka, hewa yake hupanda juu, nayo huvuta upepo kutoka bahari ya kusini. Hiyo ndiyo kusi, ipitayo juu ya maji maelfu ya maili, na inapoanza ndipo masika hutushukia. Disemba mambo hugeuka. Asia imepoa, upepo wateremka kutoka pande za Uarabuni na kupita pwani ya Somalia, mkavu, nao ndio kaskazi. Kwa kaskazi majahazi yalishuka kuja kwetu, na kwa kusi yakarudi. Kila mtoto wa chuoni amesoma katika Juzuu Amma habari ya safari mbili za Makureshi, ya wakati wa baridi na ya wakati wa joto, kwa hiyo mwaka wenye safari mbili si jambo geni kwetu.

Hapa pana jambo ambalo wengi wetu tumelisahau, nalo lastahili tulizungumze kwa kituo. Waislamu wa pwani walikuwa na hesabu mbili za siku. Ya kwanza ni ya mwezi mwandamo, ya kufunga, kuhiji na Maulidi. Hesabu hii hupungua siku 11 hivi kwa mwaka wa jua, ndiyo maana mwaka 2015 Ramadhani ilituingilia Juni, kusi imeshika, na mwaka 2025 ikaingia mwanzo wa Machi, kaskazi inaelekea ukingoni. Ni hesabu ya ibada, wala haimwambii mkulima lini apande. Kwa shamba na bahari walitumia Nairuzi, mwaka wa siku 365 uliotokana na Waajemi, wakaugawa kwa miongo, yaani kumi kumi, ikawa miongo 36 na siku 5 za juu. Nahodha hakusema "katikati ya Aprili". Alihesabu yuko mwongo wa ngapi. Ahmad ibn Majid, yule rubani mashuhuri wa karne ya 15, aliandika nyakati za kusafiri kwa hesabu hiyo hiyo ya siku za Nairuzi. Leo ukimwuliza kijana wa sekondari Nairuzi ni nini, huenda akakuambia ni jina la mtu.

Na jina la msimu lilibeba kazi. Ukisema kusi, baharia wa Kizingitini au Kiwayu ajua kwamba mashua ndogo haitoki nje ya mwamba ovyo. Ni wakati wa kuipweleza, kuikalafati, kuipaka deheni na kushona nyavu. Ukisema kaskazi, mzamiaji wa kambamawe ajua maji yatakuwa meupe. "Upepo mkali kutoka kusini mashariki" ni maneno ya kweli, lakini hayamwamrishi mtu kitu.

Wako watakaonijibu kwamba pepo zenyewe siku hizi zimeharibika, hazifiki kwa wakati, basi majina ya nini? Mimi nasema hapo ndipo yanapohitajika zaidi. Huwezi kujua kaskazi imechelewa ikiwa hujui ilipaswa kufika lini. Tumeona mengi: vuli ya 2019 iliyofurika kwa sababu bahari ya upande wetu ilipata joto kupita kiasi, kisha ukame wa kutoka mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ikipita mitupu, kisha El Niño ya mwisho wa 2023, maji ya Mto Tana yakaikata barabara ya Garsen kuja Lamu. Wala sisemi hesabu ya wazee yatosha. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, kilichopiga kisiwa cha Mafia, hakingetambuliwa kwa miongo. Kilionekana kwa satelaiti, na waliosikiliza onyo wakafunga vyombo walifanya la busara. Nairuzi nayo haina siku ya ziada ya mwaka wa nne, kwa hiyo husogea polepole, na nahodha mzuri alilijua hilo akalirekebisha.

Nitakalo ni dogo. Taarifa ya hewa ya pwani isomwe kwa majina ya pwani, kwa kipimo chake cha kisasa: kusi itaanza lini, yatarajiwa kuwa na nguvu gani, masika yatakuwa na maji kiasi gani. Walimu wa Lamu wawafundishe watoto miongo pamoja na ramani. Na wazee wachache waliobaki wanaojua kuhesabu waandikwe kabla hatujawazika.

Kisiwani Pate watu wangali wanayategemea majabia, yale matangi ya kutekea mvua, kwa maji ya kunywa. Jabia lafaa lifagiliwe na mifereji yake izibuliwe kabla ya tone la kwanza la masika. Anayengoja kuambiwa "mvua ndefu" yaanza Machi atafagia mapema, vumbi la kaskazi lijae tena; na anayeambiwa imekwisha Mei atafunga mfereji hali Juni ingali na maji ya kumpa.