Mashamba ya Congdon si Mapambo

Tukikutana na mchoro usio na sura ya mtu wala mti unaotambulika, wengi wetu seminarini na parokiani tunauliza, "Hiki ni nini?" Swali si baya. Ubaya ni kwamba tukikosa jibu la haraka, tunakwenda zetu.

William Congdon alizaliwa Providence, Marekani, mwaka 1912. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliendesha gari la wagonjwa, na mwaka 1945 aliingia katika kambi ya Bergen-Belsen na kuyaona yaliyotendeka mle. Baada ya vita alifanya kazi New York, enzi ambayo wachoraji wengi wa huko waliyaacha maumbo ya kawaida na kuiacha rangi yenyewe iseme. Mwaka 1959, huko Assisi, alipokelewa katika Kanisa Katoliki.

Kwa miaka mingi alichora Kristo msalabani. Sisi lakini tunavutwa zaidi na kazi zake za mwisho. Mwaka 1979 alihamia Gudo Gambaredo, kusini mwa Milano, jirani na monasteri ya Wabenedikto. Nchi ile ni tambarare tupu: mashamba, na ukungu wakati wa baridi. Hakuna mlima wa kupigia picha! Hapo alichora mashamba hayohayo hadi alipofariki mwaka 1998. Alipaka rangi kwa kisu, akakwaruza mistari kwa ncha ya chuma. Baadhi ya michoro ni mabaka mawili matatu tu ya rangi. Ukirudi nyuma hatua chache ndipo unaona udongo uliolimwa na anga iliyoinama juu yake.

Wapo watakaosema mtu huyu aliuacha Msalaba akaishia kwenye mapambo. Hatukubaliani nao. Anayemtambua Kristo pale tu alipochorwa na ndevu na mwanga kichwani atapata shida mbele ya Ekaristi, ambayo machoni haina sura yoyote. Tena mkate unaoletwa altareni umetoka shamba kama lile.

Hatusemi sanamu ya Mama Maria iondolewe. Anayesali rozari anahitaji uso wa kuutazama. Wala si kila baka la rangi lina kina. Mengine ni mabaka tu.

Tunachowaomba walezi wetu ni kidogo. Mseminari hufundishwa kwa miaka mingi kusoma na kueleza maandiko. Apewe pia nusu saa ya kutazama mchoro mmoja kimya, kabla mtu yeyote hajamweleza maana yake. Na pasipo na mchoro, seminari nyingi zina shamba la mahindi nyuma ya bweni. Tunalipita kila siku tukiwa na majembe, na ni nadra kulitazama.