Kijana asiyeona naye ana siri zake

KATIKA familia nyingi, kijana asiyeona akitaka kujaza fomu mtandaoni, ndugu yake hushika simu na kumjazia. Ni upendo, lakini una gharama. Anayejaza hujua neno la siri, alama za mtihani, hata fedha iliyoingia. Mwenyewe ameshakuwa mtu mzima, lakini hana jambo lililo lake peke yake.

Kwa wakazi wa Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika, mtandao umepunguza safari. Makao makuu ya Wilaya ya Nkasi yako Namanyere na ya mkoa yako Sumbawanga, juu Ufipa. Leo matokeo ya kidato cha nne huwekwa kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, na mkopo wa elimu ya juu huombwa mtandaoni. Je, asiyeona naye amepunguziwa?

Simu nyingi za Android zina programu ya TalkBack, inayosoma kwa sauti kilicho kwenye kioo. Mtumiaji hupitisha kidole, husikia jina la kitufe, kisha hugonga mara mbili kukifungua. Shida huanzia kwa aliyetengeneza tovuti. Tangazo likipigwa picha na kubandikwa tu, huenda msikilizaji akaambiwa ni picha, basi. Kitufe kisichopewa jina hakimwambii kama kinatuma fomu au kinaifuta.

Dawa yake inajulikana. Tangazo liwe maandishi halisi, picha iwe na maelezo mafupi, na kila nafasi ya kujaza iwe na jina. Video iwekewe maandishi kwa ajili ya viziwi. Herufi zisififie, maana wapo wenye uoni hafifu, wakiwamo wengi wenye ualbino. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG unataka tofauti ya mwanga kati ya herufi za kawaida na rangi iliyo nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1.

Hiyo si hisani. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinataja intaneti. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu.

Nyumbani nako kuna kazi. Mzazi awashe TalkBack kwenye mipangilio ya simu, wajifunze pamoja, kisha amwachie kijana achague neno lake la siri. Tovuti ikigoma, ofisi husika ielezwe ni ukurasa upi na kitufe kipi. Ikibidi kumsaidia, msaidizi asome kila kitu kwa sauti, naye mwenyewe aamue cha kujibu. Neno la siri aliandike kwa mkono wake, hata kama itachukua muda.