Newcastle 1997: Mji uliokataa timu ya pili

Mwezi Oktoba 2025 wasimamizi wa ligi kuu ya raga ya Australia, NRL, walitoa onyo kali. Mchezaji yeyote atakayetia saini na mashindano mapya ya waasi yaitwayo R360 atafungiwa miaka 10. Kwa mchezaji wa raga, ambaye akiwa na bahati hucheza miaka 12 au 13, adhabu hiyo ni kumzika angali hai. Kabla mwaka haujaisha, R360 wenyewe walitangaza kwamba wameahirisha kuanza mpaka 2028.

Pale kijiweni wapo waliouliza: hasira zote hizi za nini, na mashindano yenyewe hayajachezwa hata mechi moja? Anayekumbuka yaliyowapata Waaustralia kati ya 1995 na 1997 hawezi kuuliza hivyo. Aliyeumwa na nyoka, tunasema, akiona ung'ongo hushtuka. Na wao waliumwa vibaya.

Kwanza tuwekane sawa. Raga tunayoijua sisi, ile ya Shujaa na ya Mombasa RFC, si hii ninayoizungumzia. Raga iligawanyika huko Uingereza mwaka 1895, pale klabu za kaskazini zilipotaka wachezaji wao walipwe mshahara wanaoupoteza kwa kuacha kazi siku ya mechi. Wengi walikuwa watu wa migodini na viwandani. Mabwana wa kusini wakakataa. Kaskazini wakajitenga wakawa na mchezo wao wa wachezaji 13, ambao timu ikiangushwa mara sita huwapa wapinzani mpira. Mchezo huo ukavuka bahari hadi Australia, ukashika mizizi Sydney mwaka 1908. Ukiutazama hivyo, ni mchezo uliozaliwa kwa ugomvi wa mshahara, na miaka mia baadaye ugomvi wa pesa ukarudi mlangoni.

Safari hii waliogombana hawakuwa wachimba makaa. Upande mmoja alikuwa Rupert Murdoch na kampuni yake ya News Limited. Televisheni ya kulipia ilikuwa ndiyo kwanza inaingia Australia, na Murdoch alihitaji kitu cha kuwafanya watu walipe. Raga ndiyo iliyokuwa chambo. Tatizo ni kwamba haki za kuonyesha ligi ya zamani, chini ya chama cha ARL, zilikuwa tayari mikononi mwa tajiri mwingine, Kerry Packer, mwenye Channel Nine. Murdoch alipoona mlango umefungwa, akaamua kujenga nyumba yake. Mwishoni mwa Machi 1995 na siku za mwanzo za Aprili, watu wake walizunguka na mikataba mkononi, wengine usiku usiku, wakiwasajili wachezaji wa ligi mpya itakayoitwa Super League. ARL nao, wakiungwa mkono na Packer, wakafungua mifuko. Kijana aliyekuwa akilipwa pesa za kawaida akajikuta anabembelezwa na pande mbili, kila mmoja akipandisha dau.

Kesi ikaenda mahakamani. Februari 1996 jaji aliwapa ushindi ARL na Super League ikazuiwa. Oktoba mwaka huo huo, rufaa ikapindua uamuzi. Kwa hiyo msimu wa 1997 nchi moja ikawa na ligi kuu mbili: ya ARL yenye timu 12 na ya Super League yenye timu 10, kila moja na fainali yake na bingwa wake. Shabiki akiulizwa bingwa wa Australia ni nani, anajibu kwa swali: wa nani?

Sasa njooni Newcastle.

Newcastle ni mji wa bandari, kaskazini ya Sydney, mahali ambapo Mto Hunter unamwaga maji baharini. Makaa ya mawe yanayotoka pale hayana mfano. Ni miongoni mwa bandari kubwa kabisa duniani kwa kusafirisha makaa. Mwaka 1989 mji ulipigwa na tetemeko la ardhi lililoua watu 13. Tangu 1915 mji huo ulikuwa na kiwanda cha chuma cha kampuni ya BHP, baba na mwana na mjukuu wakipokezana zamu. Tarehe 29 Aprili 1997, katikati ya msimu huu ninaousimulia, BHP ikatangaza kwamba kiwanda kitafungwa. Kilizima moto mwaka 1999.

Wenzetu wa Kwale wanaokumbuka kiwanda cha sukari cha Ramisi kilivyofungwa mwaka 1988 hawahitaji kuelezwa tangazo kama hilo linavyoingia nyumbani. Anayekosa kazi si mfanyakazi peke yake. Kuna mwenye kiosk, dereva, mama muuza chakula, mwenye nyumba za kupangisha. Mji mzima huanza kuhesabu.

Timu ya mji huo, Newcastle Knights, ilikuwa imeingia ligi kuu mwaka 1988 tu, na haikuwa imewahi kuchukua ubingwa. Nahodha wake, Paul Harragon, alikuwa mstari wa mbele kuwashawishi wenzake wabaki ARL. Ndugu wawili, Matthew na Andrew Johns, watoto wa Cessnock, mji wa wachimba makaa ulio karibu, nao wakabaki. Kocha alikuwa Mwingereza, Malcolm Reilly, mtu wa kaskazini kule kule mchezo ulikozaliwa.

Super League hawakukata tamaa. Kama Knights hawataki kuja, basi wataletewa mwenzao. Mwaka 1997 ikaanzishwa timu ya pili katika mji ule ule, Hunter Mariners, kwa pesa za Murdoch, ikiwa na baadhi ya wachezaji waliowahi kuvaa jezi ya Knights. Hesabu za mezani zilikuwa nzuri: mji unapenda raga, kwa hiyo utanunua raga. Mji haukununua. Mariners walicheza msimu mzima mbele ya viti vitupu, ilhali Knights wakijaza uwanja. Na tusiwadhulumu wachezaji wale, Mariners hawakuwa wabovu. Katika mashindano ya klabu za dunia yaliyoandaliwa na Super League waliwashinda Wigan huko huko Uingereza, wakawatoa Cronulla, wakafika fainali na kufungwa 36-12 na Brisbane Broncos mjini Auckland mwezi Oktoba. Timu ya pili kwa ubora katika mashindano ya dunia ya upande wao, na kwao hakuna aliyewapokea. Sijui kisa kingine cha mchezo kinachosikitisha kama hiki, kwa sababu wachezaji walitimiza kila walichoagizwa isipokuwa kupendwa, na hilo halikuandikwa kwenye mkataba.

Knights walifika fainali ya ARL tarehe 28 Septemba 1997, Sydney. Wapinzani wao walikuwa Manly, mabingwa watetezi, timu ya mtaa wa ufukweni wa wenye nazo, iliyokuwa inacheza fainali yake ya tatu mfululizo. Andrew Johns aliingia uwanjani akiwa na mbavu zilizovunjika na pafu lililotoboka. Madaktari leo wasingemruhusu, na wangekuwa sahihi.

Mapumziko Manly walikuwa mbele, 16-8. Kipindi cha pili Manly hawakupata pointi hata moja, lakini Newcastle nao walikuwa wanasogea kwa tabu. Zikiwa zimebaki dakika chache, Robbie O'Davis akafunga trai, Andrew Johns akaipigia mkwaju, ikawa 16-16. Kila mmoja sasa alitegemea teke la pointi moja kupita katikati ya milingoti. Yakajaribiwa, hayakuingia. Sekunde za mwisho, walinzi wa Manly wakisubiri teke jingine, Andrew Johns akauchukua mpira na kukimbilia upande mwembamba wa uwanja, ule ambao hakuna aliyeutazamia. Akampasia Darren Albert. Albert akapita na kuuweka mpira chini zikiwa zimebaki sekunde zisizofika 10. Ikaisha 22-16.

Usiku ule basi la timu liliporudi, watu walikuwa wamejipanga kandokando ya barabara kuu wakilisubiri. Miezi mitano tu baada ya tangazo la BHP.

Hapa ndipo simulizi nyingi huishia, na hapa ndipo mimi natofautiana nazo. Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa wanyonge dhidi ya bwanyenye. Kwa moyo, ndiyo. Kwa daftari la hesabu, la. Knights hawakupigana na pesa. Walikuwa upande wa pesa za Packer dhidi ya pesa za Murdoch. Mishahara yao ilipanda vilevile. Na matajiri hao walipochoka kumwaga mamilioni kama njugu, waliketi na kupatana. Desemba 1997, miezi mitatu haijatimia tangu trai ya Albert, ARL na News Limited walikubaliana ligi moja, NRL, nusu kwa nusu. Mwaka 1998 ikaanza na timu 20, na makubaliano yakasema zipunguzwe mpaka 14 kufikia mwaka 2000.

Tazama walioumia. Mariners walifungwa papo hapo, wala hilo halikumshangaza mtu. Perth Reds wakafungwa. Lakini South Queensland Crushers, waliobaki waaminifu kwa ARL, nao wakafungwa. North Sydney, klabu ya tangu 1908, waaminifu pia, waliunganishwa na Manly na jina lao likapotea kwenye ligi kuu. Balmain na Western Suburbs wakaozeshwa kwa lazima. South Sydney, waliokuwa wamechukua ubingwa mara 20 kuliko klabu yoyote, walitolewa baada ya msimu wa 1999. Ilibidi maelfu kwa maelfu ya watu waandamane mjini Sydney na kesi ifike mahakamani ndipo wakarudi mwaka 2002. Uaminifu haukuwa kigezo kwenye meza ile. Vilitazamwa idadi ya mashabiki, mapato na mahali timu ilipo.

Newcastle walisalimika kwa sababu walikuwa peke yao katika eneo lao, na kwa sababu mji ulikuwa umekwisha kuonyesha hadharani, mechi baada ya mechi, kwamba hautakubali kubadilishiwa timu. Kura ilipigwa kwa miguu ya watu waliokwenda uwanja mmoja na kuususia mwingine. Kama watu wa Newcastle wangegawanyika nusu kwa nusu, nina yakini wale mabwana wangepatana na kuziunganisha timu mbili kuwa moja wasiyoijua wote.

Sisi huku hatuna haja ya kuvuka bahari kutafuta mfano wa pili. Mwaka 2015 shirikisho la soka, FKF, na kampuni ya KPL walivutana kuhusu ligi ya timu 16 au 18, hadi FKF ikaanzisha ligi yake sambamba. Mwaka 2017 ligi ikaongezwa ikawa ya timu 18, na SuperSport, waliokuwa wakilipia matangazo ya runinga, wakafunga virago. Tofauti na Australia ni kwamba kule matajiri wawili waligombania mchezo; kwetu viongozi waligombania madaraka mpaka tajiri mmoja aliyekuwepo akaondoka. Shabiki wa Mbaraki hakuulizwa.

Na hata Newcastle wenyewe wasidhaniwe kuwa ni malaika. Mwaka 2011, miaka 14 baada ya fainali ile, wanachama wa Knights waliitishwa kupiga kura: je, klabu yao iuzwe kwa Nathan Tinkler, bwanyenye kijana aliyetajirikia makaa ya mawe? Zaidi ya asilimia 90 wakasema ndiyo. Hakulazimishwa mtu. Klabu ilikuwa na shida ya fedha, naye aliahidi mamilioni. Bei ya makaa ikaanguka, utajiri wake ukayeyuka, na mwaka 2014 NRL ikalazimika kuichukua klabu isife. Timu ilishika mkia mwaka 2015, 2016 na 2017. Mwisho wa 2017 ikachukuliwa na Wests Group, kundi la klabu za starehe za wanachama wa hapo hapo Newcastle, na mpaka leo iko nao.

Mwaka 2027 NRL itapokea timu mpya iitwayo Perth Bears. Perth ni mji ule ule ulionyang'anywa timu mwaka 1997, na Bears ni lile jina la North Sydney lililopotea. Imechukua miaka 30 kurudisha vitu viwili vilivyoondolewa kwa saini za mezani. Kwetu, Bandari FC ni timu ya KPA, na tangu ishinde Ngao ya FKF mwaka 2019 imekuwa ikibebwa kama timu ya Pwani nzima. Mizigo ya Mombasa tulikwisha kuona ikipandishwa SGR kwa amri iliyotoka bara. Anayekwenda Mbaraki Jumamosi akilipa kiingilio chake anahesabiwa. Anayeitazama Ligi ya Uingereza mkahawani na kusema ya kwetu haina ladha, naye anahesabiwa, kwa upande wa pili.