Nikisema Tatu, Usisikie Mbili

Safu yetu ya meza ya briji inakuja tena kutoka Kahama, tunakokutana kwa sababu ni katikati: wa Shinyanga mjini wanakuja, wa Geita wanakuja, na hakuna wa kulalamika kwamba kasafiri peke yake.

Kwanza habari. Tulianza wanne, meza moja, na karata za kuazima. Sasa tuko wanane, meza mbili, wengi wetu wanandoa. Mwezi huu tumempoteza daktari wetu wa meno, kahamishiwa Mwanza, lakini nafasi yake kachukua wifi yake, ambaye ndani ya Jumamosi tatu tu anatuaibisha wakongwe. Jirani naye hatimaye ametuelewa. Alikuwa anadhani ni kamari, maana akichungulia anaona watu wazima wanane wamenyamaza kimya na karata mikononi. Tulimkaribisha, akala michembe na karanga, akaangalia bahasha zetu, akaondoka akisema huu si mchezo, ni mtihani wa darasa la saba.

Kuhusu hizo bahasha, kwa mgeni wa safu hii: karata zikishagawiwa hatuzichanganyi tena. Kila mtu anaweka zake kwenye bahasha ya khaki, na meza ya pili inacheza zilezile. Kwa hiyo huwezi kusema "wenzetu walipata karata nzuri". Mmepata sawasawa. Kilichobaki ni mlichofanya nazo.

Na hapo ndipo mwezi huu yamenikuta, jamani.

Kwa wasiojua, briji huchezwa na wanne, wawili wawili, mwenza anakaa mbele yako. Kila mmoja anapata karata 13. Kabla ya kucheza kuna mnada, na mnada huku kwetu si jambo la kufundishwa, nani hajawahi kusimama kwenye mnada wa ng'ombe? Tofauti ni kwamba hapa hunadi pesa, unanadi ahadi. Ukisema "kopa moja" unaahidi kwamba wewe na mwenzako mtakula mizunguko 7 kati ya 13, kopa ikiwa turufu. Yaani chukua sita, ongeza namba uliyotaja. Kopa nne ni mizunguko 10, na ukiifikia ahadi hiyo unapata zawadi nono. Ukiahidi ukashindwa, unalipa faini.

Sasa balaa ni hili: mwenza wako haoni karata zako, nawe huoni zake. Maneno mnayoruhusiwa ni yale ya mnada tu. Hakuna kukonyeza, hakuna kukohoa, hakuna "mh!" Namba moja, jina la aina ya karata, basi. Kila kitu unachotaka mwenzako ajue kipite hapo.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Ree, ile yenye A, ni pointi 4. Mfalme 3, malkia 2, jeki 1. Karata zote zina pointi 40. Ukiwa na 12 au 13 fungua mnada, na mkiwa na 25 hivi nyie wawili nendeni kopa nne au shupaza nne bila woga. Tahadhari kwa mliokulia pwani mkicheza karata na wajomba: kule wazee walimwita malkia mzungu wa pili, jeki mzungu wa tatu, mfalme mzungu wa nne, na jeki anamla malkia. Kwenye briji malkia yuko juu. Tumeshakula watu wawili kwa kosa hilo, na sitawataja.

Haya. Jumamosi ile nilikuwa nimekaa na mume wangu. Ana rosta ya wiki mbili kambini Geita na wiki moja nyumbani, kwa hiyo tukicheza pamoja mara moja kwa mwezi tunashukuru. Karata zangu zilikuwa hizi, zichoreni kwenye karatasi kama mnataka: shupaza ree na 7, kopa mfalme, malkia, 9, 6, 3, uru ree, 8, 5, pau malkia, 7, 2. Pointi 15. Nikafungua: "Kopa moja." Wapinzani pasi. Mume wangu akasema: "Kopa tatu."

Kopa tatu maana yake tumekubaliana tangu siku ya kwanza, hata ukiniamsha usiku nakwambia: "Nina kopa nne mkononi, nina pointi 10 hadi 12, ukiwa na chochote cha ziada nenda nne." Kumi na tano zangu, kumi zake angalau. Mtoto wa darasa la pili anajumlisha hiyo.

Nikasema pasi.

Kwa nini? Sikuwa nahesabu karata, nilikuwa namhesabu yeye. Mume wangu ni mtu wa maneno makubwa. Mvua ikinyesha kidogo yeye anasema gharika. Samaki akiwa wa kiganja, kwake ni sato wa kulisha ukoo. Nikajiambia huyu ana pointi nane, kaamka na furaha ya kuwa nyumbani. Nikaipunguza tatu yake ikawa mbili, kimyakimya, kichwani kwangu.

Akalaza karata zake mezani, maana mwenza wa anayecheza hulaza zake wazi na kunyamaza, sisi tunamwita bubu. Shupaza mfalme, 8, 4. Kopa ree, jeki, 7, 2. Uru 9, 6. Pau mfalme, 9, 8, 4. Pointi 11. Kila alichosema kilikuwa pale mezani, hakijapungua hata nukta.

Hapa nipitishe somo la mwezi, kwa sababu karata hizi zinafundisha. Wengi wakiona turufu nyingi wanakimbilia kuzimaliza. Usiguse karata ya kwanza kabla hujahesabu. Mizunguko ya uhakika ni shupaza mbili, kopa tano, uru moja, na pau moja itakayopatikana ukisukuma mfalme na malkia, maana ree yao inaweza kumla mmoja tu. Jumla 9. Ya kumi iko wapi? Iko kwenye uru za bubu. Anazo mbili, mimi tatu. Cheza ree ya uru, wape wapinzani moja, na ile ya tatu mkate kwa turufu ya bubu. Kwa hiyo toa turufu za wapinzani, mara mbili au tatu kadiri zilivyogawanyika, lakini uhakikishe bubu kabaki na kopa moja. Turufu ikikata kwenye mkono wenye chache unapata mzunguko wa nyongeza. Ikikata kwenye mkono mrefu, hujaongeza kitu, ungeila tu hata hivyo.

Nilicheza hivyo, nikala 10. Tukaandika pointi 170, kwa sababu niliahidi 9 tu. Meza ya pili, karata zilezile kwenye bahasha ileile, walinadi kopa nne, wakala 10 hizohizo, wakaandika 420. Tofauti ya 250, kwa pasi moja.

Mume wangu hakusema kitu. Sheria ya kwanza ya kundi letu ni kwamba mwenza halaumiwi mezani. Tuliiweka mapema, baada ya kusoma kisa cha John na Myrtle Bennett wa Kansas City, Marekani. Mwaka 1929 walikuwa wanacheza briji na majirani, mume akashindwa mkataba wa shupaza nne, wakagombana, na mke akamuua kwa bastola. Mahakama ilimwachia huru mwaka 1931. Huwa tunakisimulia kwa wageni kama utani. Siku hiyo hakuna aliyekisimulia.

Tulivyofika nyumbani akafungua geti, akafunga geti, akasimama gizani. "Mama," akasema, "mimi nikisema tatu, wewe unasikia mbili."

Nikacheka. Nikamwambia samahani, ni karata tu, mwezi ujao nitaenda nne hata bila kuangalia.

"Na nilivyokwambia naacha kazi, ulisikia ngapi?"

Kiukweli nilikuwa nimesahau. Hapana, sikusahau. Aliniambia kwa simu, kama wiki tano nyuma, akitoka zamu ya usiku, kwamba amechoka, hataki mwaka mwingine kambini, anataka kuandika barua. Mimi nilikuwa nahariri kurasa za mwisho, nikamjibu "pole baba, lala kwanza". Alipoamka sikuuliza. Nikaiweka pamoja na gharika na sato.

Sasa, wenzangu mnaoishi na rosta mnajua. Mshahara wa mgodi unajenga nyumba. Yetu ina mkopo. Tumeona wenzetu hapa Kahama uzalishaji wa Buzwagi ulipokoma mwaka 2021: kuna waliofuata ajira kwenye migodi mingine, kuna walioanza biashara, na kuna ambao mpaka leo ukikutana nao unakwepa kuuliza. Nikisikia "naacha kazi" mimi naona ada na benki, kwa hiyo ni rahisi zaidi kuamini kwamba mtu anatia chumvi. Pasi haina faini siku hiyohiyo. Unaijua hasara yake ukiona walichoandika wenzako.

Jumapili tulikaa meza ya jikoni. Nikamwambia nadi tena, safari hii nasikiliza. Akataja namba: akiba kiasi gani, mkopo umebaki miezi mingapi, gereji ya pikipiki anayoifikiria inahitaji shilingi ngapi. Kumbe alikuwa nazo zote kwenye daftari. Mtu wa gharika, lakini daftari lake halikuwa na sifuri ya ziada. Sikukubaliana na yote. Gereji nadhani kaikadiria kwa bei za zamani, nikamwambia, akakasirika kidogo, akapiga simu kwa shemeji yangu anayeuza vipuri, akarudi akiwa mpole. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Ni ubishi tuliotakiwa kuufanya wiki tano kabla.

Nirudi mezani, maana nimeombwa na wengi nieleze namna ya kuanza mchezo mkiwa nyie mnaozuia mkataba. Kama wapinzani wananadi bila turufu, anza na karata ya nne kutoka juu, katika aina yako ndefu. Faida yake ni hii: mwenzako anachukua 11, anatoa namba ya karata uliyocheza, na jibu ni idadi ya karata kubwa kuliko hiyo zilizo kwenye mikono mitatu mingine. Umeanza na 7? Nne ziko nje ya mkono wako. Mwenzako anaona mbili kwa bubu na mbili mkononi kwake, basi mwenye mkataba hana hata moja. Karata moja imesema yote hayo. Lakini inafanya kazi tu kama siku zote unaanza na ya nne. Ukianza na ya tatu leo kwa kubahatisha, kesho mwenzako hatahesabu tena, na hutamlaumu.

Halafu kuna jambo dogo ambalo limenifurahisha. Majina ya karata zetu ni Kireno: turufu, kopa, shupaza, pau, hata neno karata lenyewe. Na uru, ile nyekundu ya pembe nne ambayo Waingereza wanaiita almasi, inatokana na neno la Kireno la dhahabu. Kwa hiyo ukishika uru mkoani Shinyanga, mwenye Mwadui tangu Williamson alipogundua almasi mwaka 1940, Mwingereza atakwambia umeshika Mwadui na Mreno atakwambia umeshika Geita. Wifi wa daktari alivyosikia hivyo akasema ndiyo maana kila siku anapewa pau.

Ratiba: tunakutana tena Jumamosi ya pili. Wapya tutawaweka meza ya dirishani na mwalimu wetu wa hesabu, mvumilivu kuliko mimi. Simu zinazimwa, isipokuwa ya nesi wetu. Michembe iletwe na wa Shinyanga, wa Geita wameleta mara mbili mfululizo.

Mume wangu hatakuwepo, yuko kambini. Juzi kanipigia akitoka zamu, akasema kuna wenzake watatu anawafundisha mnada wakati wa mapumziko, ila hawana karata. Nikauliza anahitaji pakiti ngapi. Akasema mbili. Nimempelekea mbili kwa basi la asubuhi. Barua ya kuacha kazi ameshaiandika, iko kwenye droo ya jikoni, haijawekwa tarehe.